Kibuyu cha Kamaliza

Kila asubuhi, mbele ya kufungua kibuyu cha maziwa, Mama Kamaliza alikuwa anakigonga mara mbili na ukucha, tik, tik, kisha anangoja kidogo. Alingoja sawa muntu anayepiga hodi kwa nyumba yenye anajua iko na watu. Kisha njo anatoa kifuniko, anainamisha pua, ananusa. Kama harufu iko sawa, anasema pole pole, “Umeamuka.” Miaka saba nililala kwake, na sikumuona akisahau hata siku moja.

Jina lake lilikuwa Mukarugwiza. Lakini kwetu mwanamuke akizaa anaitwa na jina la mutoto wake wa kwanza, na yeye alizaa mumoja tu, Kamaliza. Mutoto alikufa mwaka wa 1947, alikuwa na miaka saba. Jina halikufa. Watu wa mulima wetu, kule juu ya Nyabiondo, waliendelea kumuita vilevile. Mama Kamaliza, tupatie moto. Mama Kamaliza, mvua inakuya, toa nguo. Jina la marehemu liliitwa mara nyingi kutoka asubuhi mpaka jua kuzama, na kila mara yeye aliitika.

Mimi nililetwa kwake sababu ya mukono wangu mwembamba. Bwana yake, Semana, yenye watu waliita Papa Semana kwa heshima tu, alikuwa kaka mukubwa wa baba yangu. Kibuyu chao kilikuwa na mudomo mwembamba, mukono wa muntu mukubwa haupiti. Kila jioni walimimina maziwa yaliyoganda ndani ya bakuli ya muti, wakaweka kando miko miwili ya kuwa mbegu, kisha mutoto wa nyumba akaingiza mukono mule, na majani makavu, akasugua. Halafu kibuyu kilifukizwa moshi. Maji hayaingii. Watu wa ng'ombe hawaoshi kibuyu na maji, wanakisafisha na moshi. Kikiisha kufukizwa, mbegu inarudishwa ndani, maziwa ya jioni yanamiminwa juu yake yakiwa bado na moto wa ng'ombe, na asubuhi yameganda.

Kamaliza njo alikuwa mukono wa kibuyu kile. Siku yake ya mwisho alisugua, akarudisha mbegu, akamimina maziwa, akafunika. Kisha homa ikamukamata. Jua lilipotoka alikuwa amekwisha kwenda. Watu waliporudi kutoka kaburini, Mama alifungua kibuyu. Maziwa yalikuwa yameganda vizuri, mazito, laini, sawa hakuna kitu kilichopita mu nyumba ile.

Wanawake walimwambia ayamwage. Alikataa. Alibakiza miko miwili chini, akaongeza maziwa mapya, na kesho yake vilevile, na kesho yake. Kwa hesabu yake, maziwa aliyoweka Kamaliza hayakuisha, yalikuwa yanaendelea. Katekista Barthélemy alikuja mara mbili kumwambia kwamba mutoto iko kwa Mungu. Mama alimusikiliza, akamupa kikombe cha maziwa, akamujibu, “Ndiyo, Papa katekista. Na kwa Mungu wanakunywa nini?” Katekista alikunywa, akapangusa ndevu, hakurudi kwa neno lile tena.

Mwezi ule wa kilio wakaniita. Nilikuwa na miaka saba na mifupa myembamba. Jioni ya kwanza niliingiza mukono mu kibuyu, na kwa upande wa ndani, kwenye siagi ya zamani iliyokauka, nikagusa mifereji mine. Ilikuwa njia ya vidole. Niliweka vidole vyangu mule na vikaenea. Nilitoa mukono haraka. Mama alikuwa ananitazama.

“Umemukuta?” akaniuliza.

Nilificha mukono mugongoni. Hakuuliza tena, lakini toka siku ile alinipenda.

Mwaka wa 1954 homa ya ng'ombe ikapanda mulima. Daktari wa ng'ombe alituma walinzi wakakaa kwa kijito, wakasema maziwa hayavuki, ngozi haivuki, muntu akikamatwa atapigwa na kufungwa. Ng'ombe sita za Papa Semana zilikufa moja kisha nyingine. Ya mwisho ilikuwa Bihogo, ile nyekundu. Mama alikamua Bihogo ikiwa imelala chini, akapata nusu ya kikombe, akakimbia nayo nyumbani akifunika kikombe na kiganja. Ilikuwa jioni ya mwisho ya maziwa.

Mbegu bila maziwa inakaa siku mbili, siku tatu. Kisha inakuwa na uchungu, inaota manyoya ya kijani, inakufa. Mama alijua vile. Siku ya pili aligonga kibuyu, akafungua, akanusa, na hakusema “Umeamuka.” Alikaa chini na kibuyu kwa magoti. Hakulia. Alikuwa anakitikisa kidogo kidogo, vile unatikisa mutoto mwenye njaa wakati huna kitu cha kumupa.

Hapo njo Verdiane aliingia. Verdiane alikuwa jirani wetu, wa kabila la Wahunde, mwanamuke wa shamba, mwenye mikono mikubwa na mudomo usiofunga. Alikuja kuomba moto.

“Dada, hata ng'ombe zikikufa wewe bado unabeba kibuyu? Sisi mahindi yakikataa hatubebi jembe mugongoni.”

“Mutoto anataka kula,” Mama akasema.

Verdiane alinitazama mimi, kisha kibuyu, akaelewa. Watu wote wa mulima walijua ni mutoto gani. Aliketi.

“Iko kitu,” akasema. “Mama yangu alikuwa ananifanyia wakati nilikuwa mugonjwa. Karanga. Ukitwanga na kuchuja, inatoka nyeupe sawa maziwa. Mbegu haijui kama siyo maziwa. Lakini ninyi watu wa ng'ombe mnaogopa karanga sawa inauma.”

“Karanga mu kibuyu cha maziwa?”

“Ao mwache akufe na njaa. Mimi nimesema tu. Nipe moto niende.”

Mama alimupa moto, na nyuma ya moto akamufuata.

Kwa watu wetu, kitu cha shamba hakikutani na maziwa. Ukikunywa maziwa, hauchanganyi na maharagwe siku ile. Kibuyu kilichoguswa na karanga, ukitia tena maziwa mule, ng'ombe inakauka. Mama alijua vile kuliko mimi. Alizileta karanga ndani ya nguo yake, sawa muntu aliyeiba.

Kazi yangu ilikuwa kuziloweka, asubuhi kuzisugua mpaka ngozi inatoka, kuzitwanga mu kinu, kuchanganya na maji ya vuguvugu, kuchuja na kitambaa na kukamua mpaka makapi yanabaki makavu. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe kweli, mazito kidogo. Kisha Mama aliyachukua ndani, akafunga mulango kwa haya, akayapika peke yake, sababu karanga bila moto inabaki na harufu ya udongo. Vile alifanya nyuma ya mulango sikuona.

Asubuhi yake aligonga, tik, tik. Akafungua. Ilikuwa imeganda. Haikuwa nzito sawa maziwa, ilikuwa inatetemeka, na maji kidogo juu, na harufu ya karanga iliyofungwa na uchungu ule wa zamani. Mama alionja na ncha ya ulimi.

“Umeamuka,” akasema.

Papa Semana aliona makapi ya karanga nyuma ya nyumba siku ya tatu. Alikuwa muntu mupole, hajui kupiga. Aliyasukuma na fimbo yake ya kuchunga, fimbo isiyokuwa tena na kitu cha kuchunga.

“Mukarugwiza,” akasema. Alikuwa anamuita jina lake lile wakati wa mambo makubwa tu. “Mimi pia nilimuzika.”

“Ulimuzika wewe,” Mama akajibu. “Mimi bado.”

Papa Semana alienda kukaa mu zizi tupu. Alikaa mule mpaka chakula. Toka siku ile hakukunywa tena kitu kilichotoka mu kibuyu kile, lakini hakukikataza.

Tuliishi vile miezi saba. Karanga kila siku. Verdiane alikuwa anazileta kwa kikapo na anapokea siku za kulima kutoka kwangu. Mukono wangu ulikuwa umekwisha kuwa mukubwa, ulipita mu mudomo wa kibuyu kwa taabu, na vidole vyangu havikuenea tena mu ile mifereji mine. Nilikuwa na miaka kumi na ine. Mara nyingine Mama alinipima na macho, kutoka kichwa mpaka muguu, na nilijua haikuwa mimi aliyekuwa anapima.

Kisha Mama akapata homa. Alitetemeka mpaka kitanda kililia. Aliniita, akashika mukono wangu.

“Leo wewe njo utamulisha. Usimwache.”

Nilisugua karanga, nikatwanga, nikachuja. Nilipika kama alivyosema, nikikoroga isishike chini. Ilipochemka nikatoa kwa moto. Mbegu ilikuwa tayari mu kibuyu. Mimi nilikuwa mutoto wa nyumba ya ng'ombe. Kwetu maziwa hayapikwi, ukipika maziwa chuchu ya ng'ombe inapasuka. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe na moto wake na unamimina pale pale, kabla hayajapoa. Maisha yangu yote nilifundishwa kitu kimoja juu ya kuganda, usichelewe. Sikuchelewa. Nilimimina.

Moshi mweupe ulitoka kwa mudomo wa kibuyu, na harufu moja tamu, mara moja tu, kisha ikaenda.

Asubuhi Mama alikuwa bado hajui siku ni gani. Niligonga mimi, mara mbili. Nikafungua. Ndani kulikuwa maji ya karanga, na unga umekaa chini. Nilichukua kibuyu chini ya nguo nikakimbia kwa Verdiane.

Aliingiza muiko, akanusa. “Ulingoja ipoe? Unaweka kidole ndani na kuhesabu kumi, kisha njo unaweka mbegu. Mama yako hakukuonyesha?”

Nilitikisa kichwa.

“Basi umemupika.” Aliona uso wangu, akaacha kuchezesha mudomo. “Sikia. Usimwambie. Akijua, atamuzika mara ya pili, na mara hii atalala naye mule. Enda kwa Mukashema, ng'ombe zake mbili zilipona. Omba mbegu. Mbegu ni mbegu.”

Mukashema alikaa ng'ambo ya kijito. Nilingoja mvua ya mchana, wakati walinzi wanaingia chini ya majani yao, nikavuka. Mukashema alikuwa muzee wa kucheka cheka, alinisimamisha mulangoni nikiwa natiririka maji.

“Mbegu? Sisi hatutoi mbegu ovyo. Mbegu inatoka mu nyumba siku musichana anaolewa, anabeba kwa kibuyu kidogo. Wewe unaolewa lini? Na bwana gani mwenye haraka hivi, anakutuma mu mvua?”

“Ni Mama Kamaliza,” nikasema.

Aliacha kucheka. Aliniwekea miko miwili ndani ya jani la ndizi, akalikunja, akalifunga. Aliponipa alitazama kando.

Mbele ya kuweka mbegu ile mpya nilimwaga yale maji ya karanga nyuma ya nyumba, chini ya mihogo. Siafu walikuwa wengi pale siku zote. Siku ile walizunguka. Walifanya njia nyingine pembeni, na njia ile ilibaki pembeni.

Siku ya ine Mama alisimama. Aliosha uso, akajifunga nguo, akaja kwa kibuyu akishika ukuta. Aligonga. Akangoja. Akafungua, akanusa. Alichukua kijiko, akaonja. Mbegu ya Mukashema ilikuwa kali, karanga ilikuwa imeganda nzito kuliko siku zote, haikutetemeka. Mama alionja tena. Mimi nilisimama karibu na mafiga. Nilisema ndani yangu, sasa anajua, sasa atanitazama.

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na maji na yalikuwa na furaha.

“Amebadilika,” akasema. “Nililala siku ine tu, angalia. Amekuwa mukubwa.”

Nilifungua mudomo. Nikakumbuka Verdiane, nikafunga.

Kesho yake alipogonga, tik, tik, mimi nilikuwa napuliza moto. Na nikasikia kutoka ndani ya kibuyu, mara moja, tik. Labda ni hewa, kitu kinachoganda kinatoa hewa. Lakini mule ndani hakukuwa tena na kitu cha Kamaliza, mimi njo niliyemumwaga na mikono hii. Na alijibu. Kwa miaka saba sikusikia hata mara moja, akangoja mpaka siku hiyo.

Mwanzo wa mwaka wa 1955 walinzi waliondoka kwa kijito. Makuza, rafiki wa Papa Semana toka utoto, alituma habari kutoka upande wa Bweremana kwamba atamupa ng'ombe moja, jike, yenye mimba. Papa Semana alicheka peke yake njiani akirudi na habari ile. Alipanga upya miti ya zizi. Jioni akaketi mbele ya Mama.

“Kile kibuyu,” akasema, “hakitakutana na ng'ombe hii. Makuza mwenyewe ameuliza kama ni kweli tunatia karanga. Watu wanaongea mpaka Bweremana. Kivunje ao nikivunje. Nitakununulia kingine.”

“Ng'ombe anakuya siku gani?”

“Nitaenda kumuleta. Siku tatu, nimerudi naye.”

“Basi nipe hizo tatu.”

Papa Semana aliweka mukono kwa goti lake. Kisha akasimama, akatafuta fimbo.

Alipoondoka Verdiane alikuja mbio. “Lete kwangu. Nitamuweka mu nyungu, karanga ninazo, utakuja kumuona kila siku. Hakuna ng'ombe kwangu wa kukauka. Hata bwana yangu hana maziwa.”

Mama alicheka kidogo. Kisha akasema, “Musichana mukubwa haendi kulala kwa jirani. Anaenda kwake.”

“Kwake wapi, dada?”

“Walikale. Kule mu pori hakuna ng'ombe hata moja. Wanakula karanga. Hakuna atakayemwambia anaharibu kitu.”

Verdiane alinitazama. Wote wawili tulikuwa na neno lile lile mu mudomo. Yeye njo aliyegeuka kwanza.

Siku mbili Mama alitayarisha. Alitafuta kibuyu kidogo, cha kubeba na mukono mumoja, akakifukiza muda mrefu mpaka macho yetu yalitoka maji. Alikipaka siagi ya zamani aliyoficha toka wakati wa Bihogo. Alikifungia shanga zake mwenyewe kwa shingo, zile alizokuja nazo akiolewa. Asubuhi ya siku ya tatu alichukua miko miwili kutoka kibuyu kikubwa, akatia mu kile kidogo, akamimina maji ya karanga aliyopika. Mbele ya kumimina nilimuona akiingiza kidole na kuhesabu. Mara hii mulango ulikuwa wazi. Kisha akachukua kibuyu kikubwa, akakigeuza juu ya jiwe la mulangoni, akakipiga mara moja. Kilipasuka vipande viwili, na ndani nikaona mifereji mine kwa jua, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa midogo sana.

Kwetu mama haendi na musichana anayeolewa. Shangazi njo anamupeleka, mama anabaki ndani na kufunga mulango. Nilimwambia vile. Nilisema, “Mama, wewe huwezi kwenda. Mama haendi.”

“Hana shangazi,” akajibu. “Alikuwa na mimi tu na wewe. Wewe utapokea ng'ombe.”

Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha misa. Kibuyu kidogo alikiweka mu mukono wa kushoto, juu ya kifua. Nikaona kama nitamwacha ashuke bila kujua, itakuwa kitu ambacho sitaweza kukiweka chini tena. Nikasema, “Mama, wakati ulikuwa mugonjwa, mimi...”

Alikuwa na kijiko cha mbegu mukononi. Musichana akiondoka, ndugu yake anayebaki analishwa kijiko kimoja cha mbegu ile, njo wasisahauane. Aliniwekea kijiko mu mudomo nikiwa bado nasema. Ilikuwa kali, na baridi, na nyuma yake ilikuwa tamu. Nilimeza. Alingoja mpaka nimeze. Kisha akapangusa mudomo wangu na kidole chake, akasema, “Mukono wako ulikuwa muzuri siku zote,” na sikujua, mpaka leo sijui, kama alikuwa anasema na mimi.

Aligonga kibuyu mara mbili. Akangoja. Akaitikia na kichwa, sawa muntu aliyejibiwa.

Alipita mbele ya zizi, akapita kwa Verdiane aliyekuwa amesimama na jembe, akashika njia ya Nyabiondo inayoshuka na kwenda pori la Walikale. Alitembea pole, na kila mahali njia ilikuwa nyembamba alijisogeza kando, akaacha nafasi ya muntu wa pili.

Muchana Papa Semana alifika na ng'ombe. Ilisimama kwa mulango wa zizi, ikatazama njia ya chini, ikakataa kuingia mpaka tuliisukuma wawili. Aliona vipande vya kibuyu kwa jiwe, akashukuru. Kisha akaniuliza, “Mama yako iko wapi?”

Aliteremuka kumutafuta siku ile ile, na siku zilizofuata. Kwa soko la Nyabiondo walimuona. Mwanamuke mumoja mwenye kuuza muhogo alimupa mahali pa kukaa, na alisema mugeni yule aliomba viti viwili. Kupita pale, hakuna aliyemuona tena.